Kioo cha dereva kikikaribia kufunga kinarudi chini chenyewe (Premio)

Oli_Arua

Salaam aleikum wakubwa. Nina Premio ya 2004, nazunguka nayo Arua, Koboko na mara nyingine Yumbe kwa shughuli za mazao. Kioo cha upande wa dereva kina kituko. Nikivuta swichi kinapanda vizuri tu, kikibakiza vidole viwili hivi kinasimama, halafu kinateremka chenyewe. Nikivuta kidogo kidogo, kuna siku kinakubali kufunga. Asubuhi kukiwa na baridi ndiyo hakitaki kabisa. Mvua ya Aprili imeshalowesha kiti na usiku gari linalala nje.

Fundi mmoja hapa mjini anasema mota imekufa, ninunue mashine nzima ya kioo (ile ya ndani ya mlango inayokipandisha na kukishusha) pamoja na swichi kuu, laki mbili na nusu kabla ya ufundi. Sasa mimi najiuliza, mota iliyokufa inapata wapi nguvu za kuteremsha kioo haraka vile? Fyuzi nimeangalia, nzima. Betri nilibadilisha juzijuzi, na tangu hapo ile taa ndogo kwenye swichi inapepesa. Niambieni kabla sijatoa hela.

boda_mstaafu

Paka grisi kwenye raba, kwisha habari. Mambo ya mota wanakula hela yako bure.

FundiWaya_Tororo

Oli, hela yako ikae mfukoni kwanza. Swali la mota umeshajijibu. Mota iliyochoka inapanda kwa kujikokota, inalia, inasimama, na inabaki hapohapo iliposimama. Yako inarudi. Mlango wa dereva wa Toyota nyingi za namna hiyo una kinga: mfumo unafuatilia mwendo wa mota, na kioo kikikutana na ukinzani njiani unadhani ni mkono wa mtu, unakigeuza. Kwa hiyo mota yako ni nzima na inafanya ilichoambiwa. Kuna kitu kinakibana kioo pale juu, hicho ndicho cha kutafuta.

Mara nyingi ni raba yenyewe, ule mfereji wa mpira ambamo kingo za kioo zinapita. Jua limeukausha, na vumbi jekundu la njia zenu limejaa humo. Kwenye baridi mpira unazidi kuwa mgumu, ndiyo maana asubuhi kinakusumbua zaidi.

Ila niambie kitu kimoja. Gari lina zile plastiki nyeusi za kukinga mvua juu ya madirisha? Kuna za kubandika kwa nje, hazina neno. Kuna za kuchomeka ndani ya mfereji wa raba, na hizo zinakula nafasi ya kioo. Nimeziona kwenye magari mengi sana yaliyoletwa kwangu kwa "mota mbovu". Tinti nayo iangalie, ikibanduka ukingoni inajikunja na kuziba njia.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Teremsha kioo chote. Zungusha kitambaa kwenye kijiti bapa (bisibisi itachana mpira), kilowe maji ya sabuni, upitishe kwenye mfereji mbele, nyuma na juu. Yatatoka matope, usishangae. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, acha pakauke, ndipo upulize silikoni ya kopo, ile ya kulainisha. Nimesema silikoni. Dizeli hapana, oili chafu hapana, na grisi ya ndugu yetu hapo juu hapana pia: mafuta ya aina hiyo yanaharibu mpira, na grisi inashika vumbi, kesho vumbi hilo linakwaruza kioo.

Jaribu injini ikiwa inawaka. Ikiwa imezimwa betri inatoa volti 12 na ushei, ikiwaka altaneta inapandisha hadi karibu 14, na mota inaiona tofauti hiyo.

Baada ya hapo ndipo ukifundishe kioo upya. Taa inapepesa kwa sababu betri ilipotolewa, mfumo ulisahau mwisho wa kioo uko wapi. Ufunguo ukiwa ON, shusha kioo hadi nusu, kisha vuta swichi juu kabisa na uishikilie hadi kioo kifunge, uendelee kuishikilia sekunde moja au mbili baada ya hapo. Taa ikitulia, imekubali. Usianze na hili kabla ya kusafisha, maana kioo kisichofika juu hakiwezi kujua juu ni wapi.

Mvua ikija leo usiku: mtu mmoja avute swichi, wewe weka viganja pande zote mbili za kioo ukisaidie kupanda. Na msiishindilie swichi. Mota ikipata joto inajikata, mtadhani imeungua. Iacheni ipoe kwanza.

boda_mstaafu

Jirani yangu alifungiwa waya moja kwa moja, wakaruka hiyo kinga. Kioo hakirudi tena.

FundiWaya_Tororo

Na mtoto akitoa mkono dirishani hakirudi vilevile. Mteja akiniomba kazi hiyo namrudishia ufunguo wake.

MamaNoah_Kajjansi

Samahani kwa kudandia. Noah yangu napelekea watoto shule. Kioo cha abiria wa mbele kinasimama kikibakiza upana wa kiganja na kinabaki hapo, hakirudi. Kinapanda upandeupande, nyuma inatangulia, na ndani ya mlango kunalia krrr. Na mimi ni raba?

FundiWaya_Tororo

Hapana mama, hayo ni maradhi mengine. Kioo kikipanda upandeupande, kuna kinachokishika kule chini kimeachia au kimevunjika. Lazima jalada la ndani la mlango litoke. Skrubu zake zinajificha, moja nyuma ya kitasa cha kufungulia, nyingine mahali unaposhika kuvuta mlango; zilizobaki ni klipu za plastiki, na klipu za gari la zamani huvunjika, uwe na za akiba.

Ukishafungua, angalia bolti zinazoshika kioo. Ukibahatika zimelegea tu, unasawazisha kioo na kukaza. Usipobahatika, mashine ni mbovu. Za mikono inayokunjana kama mkasi huisha meno au vigurudumu, za kebo hukatika kebo au kile kiplastiki kinachobeba kioo. Hiyo krrr inanipa shaka na meno.

Mtakayemwita, mwambie afunge kioo kwa tepu pana juu ya fremu kabla ya kulegeza chochote, kisije kikadondoka ndani. Na kama ni ile ya mikono, mota haitolewi hivihivi mikono ikiwa haijashikiliwa. Springi yake ina nguvu, mkono unaruka. Nina kovu kwenye kidole gumba la springi ya namna hiyo. Swichi za mlango huo zichomolewe kabisa wakati mtu ana mkono ndani.

Spea_Nakivubo

Mama, ukishuka Kisekka, lile soko la spea Kampala, kutafuta mashine, beba ile mbovu mkononi. Usiseme "ya Noah" tu, Noah ni nyingi, na ya kushoto haikai kulia. Hesabu pini za plagi zilingane. Kisha mwambie muuzaji aiunganishe na betri hapo hapo, ipande na kushuka mbele yako. Mwenye kitu kizuri hakatai. Kama mashine ni mbovu na mota ni nzima, uliza bei ya mashine bila mota, inapungua.

MamaNoah_Kajjansi

Asanteni. Bolti moja haikuwepo kabisa, imeokotwa chini ndani ya mlango! Lakini meno nayo yameliwa, kwa hiyo Kisekka nitakwenda tu.

Oli_Arua

Nimerudi. Plastiki ninazo, gari nimelinunua nazo, na ni za kuchomeka. Ya mlango wa dereva nimeichomoa, nikasafisha kama ulivyosema, maji yametoka mekundu kama ya mto Enyau mvua ikinyesha. Kioo kilipanda mpaka juu mara ya kwanza tu, hata kabla ya silikoni. Nimekifundisha, taa imetulia. Yule fundi nimemwonyesha, akasema "bado mota itakufa tu."

Ila sasa nikifika mwendo wa 80 upepo unapiga mluzi pale juu. Nisafishe tena?

FundiWaya_Tororo

Kila mota itakufa, hilo hajakosea.

Mluzi huo si uchafu. Plastiki imekaa miaka kwenye raba, imeibonyeza ikaacha mwanya. Paki juani madirisha yakiwa yamefungwa, mpira unaweza kurudi wenyewe. Wiki mbili zikipita bado unalia, badilisha raba ya mlango huo peke yake, iliyotoka kwenye gari la aina yako, usikubali ya kukatwa kwa mita. Na ukitaka kinga ya mvua tena, nunua za kubandika nje. Futa fremu kwa spiriti kwanza, na usioshe gari siku hiyo.