Naomba ushauri: ampu ya gitaa inachoma masikio mbele, pembeni sauti imefifia

Habari wakuu. Ampu ni kombo (ampu na spika katika sanduku moja) ya spika moja ya inchi 12, imewekwa sakafuni. Ukisimama karibu nayo, sauti inapita magotini na gitaa linasikika zito, kama limefunikwa. Ukiongeza trebo (sauti kali za juu) mpaka ipendeze hapo, aliyekaa mita 4 mbele, usawa wa spika, anachomwa masikio.

Chanzo kinaeleweka: koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) ina upana wa karibu sm 30, na wimbi la Hz 1,000 lina urefu wa sm 34. Kuanzia masafa hayo kwenda juu sauti haitawanyiki vizuri, inabanwa kuwa mwale kama wa tochi. Besi husambaa kote, tena sakafu na kona huizidisha.

Kuinamisha ampu ielekee kichwani kunamsaidia mpigaji, lakini mwale unahama tu. Nafikiria duara la sponji mbele ya koni, lenye tundu la inchi 3 katikati. Waliolitumia: sponji iwe na unene gani, na ibane grili (kifuniko cha mbele ya spika) au iachiwe nafasi? Au kibao kidogo cha kutawanya sauti mbele ya kitovu cha koni kinafaa zaidi?