Ushauri: infraredi ya vumbi la galaksi inasababishwa na nini hasa?

Mwana_Igombe: Wakuu, habari za jioni. Usingizi umeniisha. Tasnifu yangu inahusu vumbi lililo kati ya nyota kwenye galaksi za jirani. Msimamizi kaniuliza infraredi yake, yaani ule mwanga wa joto usioonekana kwa macho, inatokana na nini. Nikasema nyota changa. Akanyamaza, akafunga daftari. Nisaidieni.

Mnyegezi: Vumbi linameza mwanga wa nyota, hasa urujuanimno (mwanga usioonekana, wenye nguvu kuliko wa kawaida), linapata joto, kisha linautoa tena kama infraredi. Panda jiwe lolote hapa Mwanza saa mbili usiku, utakuta bado linatoa joto la mchana. Ila vumbi hilo lina kelvini 15 hadi 30 tu, yaani karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, ndiyo maana linang'aa zaidi kwenye mawimbi ya urefu wa mikromita 100 hadi 200.

Mama_Kayenze: Mwanangu, kula kwanza. Wa kwangu alisoma uhandisi, akakonda mpaka nikamfuata hosteli na sato wa kukaanga. Leo yuko Geita, anajenga. Na umheshimu msimamizi wako, si adui.

Fundi_Darubini: Chembe ndogo nazo zina mambo yake. Fotoni (chembe ya mwanga) moja tu ya urujuanimno inazipandisha hadi mamia ya kelvini, kisha zinapoa. Molekuli za pete za kaboni ndizo zinazong'aa kwenye mikromita 7.7 na 11.3. Mleta uzi, ni galaksi gani? Sehemu gani?

Mwana_Igombe: Ya jirani tu mkuu, yenye mikono ya mzunguko.

Fundi_Darubini: Ina jina.

Mwana_Igombe: Andromeda. Kitovuni. Lakini hesabu ziko sawa! Nimechukua infraredi yote nikapata kasi ya kuzaliwa kwa nyota, kwa fomula inayotumika kote. Na nakala nimeshazifunga jalada gumu.

Kamanga_Feri: Hii chai. Kijana wa Igombe ana data za Andromeda? Darubini kaiegesha Mwaloni?

Mnyegezi: Data za Herschel, darubini ya angani ya infraredi, ziko wazi kwa kila mtu. Ilimaliza kazi 2013, watu bado wanazichambua.

Kamanga_Feri: Basi mbona kaficha galaksi mpaka kabanwa? Huyu ni msimamizi mwenyewe, anatupima.

Mwana_Igombe: Haki ya Mungu mimi ni mwanafunzi. Sikutaja kwa sababu nilijua mtaning'ang'ania na kitovu. Nyota changa ndizo zenye urujuanimno mwingi, hilo halipingiki.

Fundi_Darubini: Halipingiki kwenye ile pete iliyo karibu miaka ya nuru 30,000 kutoka kitovuni, nyota zinazaliwa pale. Kitovuni nyota ni kongwe na zimesongamana. Mwanga wake wa kawaida unatosha kulipasha vumbi, tena lina joto kuliko la pembeni. Fomula yako itahesabu nyota changa ambazo hazipo. Chukua ramani ya mikromita 3.6 ya Spitzer, darubini nyingine ya angani ya infraredi, inaonyesha nyota kongwe. Chukua na ya urujuanimno ya darubini ya GALEX, inaonyesha nyota changa. Pima joto la vumbi kipande kwa kipande, uone linafuatana na ramani ipi.

Mwana_Igombe: Na jalada gumu je?

Mama_Kayenze: Linafunguliwa, mwanangu. Ni gundi na uzi tu.

Mwana_Igombe: Hiyo ramani ya 3.6 inalipiwa?

Mnyegezi: Bure. Pakua usiku, bando lina nafuu.