Matembezi ya asubuhi Moroni: nimelipia ya saa 12 asubuhi nimepewa ya saa 3, afu naambiwa eti "huduma ilitolewa"

Wakuu, nilisema nipotezee hili lakini kila nikifungua picha za safari hasira zinapanda upya, acha niandike tu yaishe.

Mwezi uliopita nilikuwa Ngazidja, kile kisiwa cha Komoro chenye mji wa Moroni, siku nne. Kabla sijaondoka Dar nikalipia mtandaoni kwa wakala mmoja (jina nalihifadhi, mods msije mkanifungia uzi) kitu walichokiita matembezi ya asubuhi ya bandari na mji mkongwe. Euro 45. Risiti ninayo, imeandikwa kabisa: kuanza saa 12 asubuhi, mlima Karthala ukiwa wazi, mashua zikielea mbele ya msikiti wa kale, kahawa, kurudi saa 4.

Saa 12 kasorobo nipo nje ya geti nilipofikia, nimeshaoga, simu imejaa chaji. Saa 12 hakuna mtu. Saa 12 na nusu natuma meseji, tiki za bluu, kimya. Na muda wote huo mlima nauona kwa macho yangu, wote mzima, ule mgongo mpana juu ya mapaa ya mabati, mita 2,361, hauna hata kipande cha wingu, nami nimesimama getini kama mlinzi naogopa kusogea hata hatua kumi kijana wa kunitembeza asije akanikosa. Hapo nilikosea mwenyewe, nakubali. Saa 2 wingu likaanza kutambaa kutoka ubavuni, ilipofika saa 3 kasoro mlima haupo, umefunikwa kama chungu cha wali.

Kijana mwenyewe akatokea saa 3 na dakika 10 anatabasamu. Nikamuuliza imekuwaje, akanionyesha simu yake: wakala kamwandikia jana yake usiku, mteja mmoja, saa 3. Basi yeye hana kosa. Nikapiga Dar kwa wakala, dada mmoja akapokea, unajua kaniambia nini? "Kaka, hiyo ni tofauti ya masaa ya huko." Masaa gani jamani! Komoro na Tanzania saa ni ileile moja, hata dakika haipishani. Mtu anauza safari za Komoro hajui hata hilo.

Tukashuka bandarini. Sasa hapa ndipo nilipotaka kulia. Maji yamekupwa. Ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, na mtu yeyote wa pwani anajua bamvua saa 3, saa 4 asubuhi maji yako wapi, huhitaji intaneti, muulize mvuvi yeyote wa Kunduchi. Ile bandari ya zamani pale Kalaweni ni kina kifupi, meli kubwa zenyewe hazisogei, zinatia nanga nje huko mizigo inaletwa kwa matishari. Kwa hiyo mashua zangu za kuelea zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope na mawe meusi ya volkano, kamba zimelegea, chupa za plastiki zimezizunguka (na hizo taka pale ufukweni ni nyingi kwa kweli, nisiwafiche). Nikashuka nipige picha kwa karibu na kandambili zangu, lile jiwe la lava lina meno, kandambili ya kushoto ikakatika kamba papo hapo. Nikamalizia ziara naburuza mguu.

Msikiti tukauona kwa nje. Ule mweupe wenye matao, wa Badjanani, unahesabiwa kuwa wa 1427 na mnara wake uliongezwa 1921. Nikataka kukaa kidogo kivulini kijana akaangalia saa, ana darasa saa 5. Vichochoro vya medina, yaani huo mji mkongwe, tulivipita kama tunafukuzwa, milango ya nakshi naiona kwa pembe ya jicho, tukaibukia kwenye duka la vanila na mafuta ya mlangilangi, hapo ndo hatukuwa na haraka. Kahawa hamna. Jumla dakika 40, nilihesabu.

Nikampa kijana faranga 1,000 kwa usumbufu, akanijibu "marahaba". Nikawaka! Yani kijana mdogo hivi ananiitikia shikamoo ambayo sijampa? Kumbe kwao marahaba ndo asante. Tukacheka wote wawili, kicheko pekee siku hiyo. Ndo akaniambia malipo yake kwa kazi ile ni faranga 5,000. Faranga yao imefungwa na euro, euro moja ni faranga 491 na senti, pigeni hesabu wenyewe: mimi nimetoa kama 22,000, mwenye jua na miguu kapata 5,000.

Kesho yake nikasema liwalo na liwe naenda peke yangu. Nikaswali Alfajiri hapohapo msikitini, natoka kumekucha, maji bado yamejaa, mashua zinagongana taratibu, mlima wazi. Bure! Mzee mmoja kakaa barazani kaniita, Kiswahili changu na Kingazidja chake vikakutana katikati, akanipa kahawa na habari za Novemba 2005 Karthala ilipotema majivu. Alikuwa anasugua kidole gumba na cha shahada kunionyesha vumbi lilivyokuwa laini, kama unga wa sembe anasema, lilivyoingia kwenye birika lao, yaani tangi la kukingia maji ya mvua. Na kule mvua ndo kila kitu maana mto hakuna, maji yanazama moja kwa moja kwenye mwamba, birika likiharibika umekwisha. Nusu saa ile kwenye baraza ya saruji ndo ziara yangu ya Moroni, na hakuna aliyenidai euro.

Nimerudi nimewaandikia wakala mara nne. Jibu ni moja, wamekopi na kupesti: "huduma ilitolewa, fedha hazirudishwi". Huduma ipi? Asubuhi niliyoilipia nilikaa nayo getini peke yangu.

Kama kuna mdau aliwahi kurudishiwa hela na hawa mawakala wa mtandaoni anielekeze alianzia wapi. Risiti ninayo, meseji ninazo, hata kandambili ninayo.