Tokyo, mgahawa mdogo wa Kifaransa: kaunta ya mpishi mmoja, bistro ya ubao, au kozi tu?

Chenza
Wadau, nisaidieni kuchuja. Tuko wawili, Tokyo, chakula cha jioni, Jumatano katikati ya Novemba. Bajeti ni yeni 10,000 kwa kichwa, kila kitu ndani. Hatutaki hoteli wala Ginza, mtaa wa kifahari. Tunataka mgahawa wa mtaani unaojazwa na wakazi wa hapohapo. Mwenzangu hali nguruwe wala hagusi pombe, hata ile iliyopikwa kwenye mchuzi. Nimebaki na hizi:

1. Kaunta ya viti 8 hivi, mpishi yuko peke yake, Nishi-Ogikubo.
2. Bistro ya viti 20, menyu iko ubaoni, unaagiza sahani mojamoja, Kagurazaka.
3. Mgahawa wa kozi tu, unakula kilichopangwa, Yoyogi-Uehara.

Ipi, na kwa nini?

mpishi_wa_zamu
Mkuu, kabla ya mtaa, hesabu mikono jikoni. Hilo ndilo linaloamua utakula nini na utasubiri muda gani.

Mpishi aliye peke yake anapika, anamimina vinywaji, anaosha vyombo na kupokea simu. Hawezi kukaanga minofu minne ya samaki ya aina nne kwa wakati mmoja, kwa hiyo menyu yake inaegemea vitu vilivyopikwa tangu jana: pate ya kijijini na terini (nyama ya kusaga iliyookwa, ikaliwa baridi), konfi ya bata, shavu la ng'ombe lililochemka taratibu kwenye mvinyo mwekundu. Hayo si mapungufu. Konfi ikitengenezwa vizuri, paja la bata linalala kwenye chumvi usiku kucha, linaiva ndani ya mafuta yake kwa moto mdogo saa kadhaa, kisha siku ya kuliwa linarudishwa kwenye kikaango, ngozi ikiwa chini, mpaka iwe kavu na ivunjike kwa sauti ukiigusa na uma. Ngozi ikija laini na nyama inavuja maji, ujue imepashwa moto ndani ya mfuko wa plastiki na haikuona kikaango.

Ukikaa kaunta kama hiyo, agizeni wote chakula kikuu kimoja, au kimoja cha kupashwa na kimoja cha papo kwa papo. Watu wawili wakiagiza vya papo kwa papo viwili tofauti, na wa pembeni nao wakifanya hivyo, pengo la dakika 40 kati ya sahani ni jambo la kawaida. Watu wanamlaumu mpishi bure.

Shida yako iko kwa mwenzako. Karibu kila kitu nilichotaja kina nguruwe au pombe, na mpishi aliye peke yake hana nafasi ya kuanzisha sufuria ya pili. Namba 1 ningeiacha.

Mwanakombo
Namuunga mkono, ila tutaje sahani kwa sahani, maana "hatuli nguruwe" pekee haitoshi kwa Mfaransa wala kwa Mjapani.

Nguruwe anajificha hapa: pate na rieti, yaani nyama iliyochambuliwa ndani ya mafuta (hata ya bata mara nyingi imeongezwa nyama au mafuta ya nguruwe), vipande vya bekoni kwenye saladi ya Lyon, kishi ya Lorraine (pai ya mayai na bekoni), na jelatini kwenye musi (kitindamlo chepesi kama povu) na peremende za mwisho. Pombe nayo: mchuzi wowote mwekundu unaong'aa, mchuzi mweupe wa siagi (unaanzia kwenye mvinyo mweupe), supu ya vitunguu, maini ya bata yaliyolazwa kwenye konyaki, keki ya chokoleti yenye ramu. Na nyama ya ng'ombe au bata, hata isiyo na pombe, si halali kwa kuchinjwa. Kama hilo linamhusu mwenzako, basi ni samaki, mayai, jibini na mboga.

Samaki aliyekaangwa upande wa ngozi, mchuzi wa siagi iliyoungua kidogo na ndimu, mboga za kuoka pembeni: hicho jiko lolote la Kifaransa linakiweza bila kuhangaika, mradi wajue mapema. Siku tatu kabla angalau. Usitegemee kueleza mezani.

Sentensi ya kuandika kwenye nafasi ya maombi unapobuku: 豚肉とお酒は、ソースやデザートに入っているものも食べられません。Yaani nguruwe na pombe hatuli, hata vikiwa ndani ya mchuzi au kitindamlo. Ukisema tu "hanywi", watamletea juisi ya zabibu na samaki mwenye mchuzi wa mvinyo, na kwa hesabu yao hawajakosea, kwa sababu kwao pombe iliyochemka si kinywaji tena.

kijiko_cha_tatu
Mimi natetea namba 3. Kozi tu inamaanisha mpishi anajua wiki nzima nani anakuja na asichokula, ananunua kwa idadi ya viti, hamwagi kitu. Kwa mtu mwenye masharti ya chakula hiyo ndiyo njia salama kuliko ubao, kwa sababu sahani yake inapangwa tangu mwanzo, haivuliwi kitu dakika ya mwisho. Na Yoyogi-Uehara kuna msikiti wa Tokyo Camii (wa kwanza ulijengwa 1938, huu wa sasa ulifunguliwa 2000), dakika chache kwa mguu kutoka stesheni. Novemba jua linazama Tokyo kama 16:30, kwa hiyo mnaweza kuwahi swala ya magharibi pale, kisha mkaingia mezani 18:00 bila haraka.

Hesabu Kali
Kozi nzuri, lakini bajeti yake haifiki. Tuweke bei za kawaida za mitaa hiyo, kodi ya 10% ikiwa ndani (tangu Aprili 2021 bei inayoonyeshwa kwa mteja lazima iwe na kodi):

Namba 3: kozi 7,700 mara mbili ni 15,400. Glasi moja ya mvinyo 1,300, juisi ya zabibu 900, chupa ya maji yenye gesi 900. Jumla 18,500. Sasa tafuta maandishi madogo chini ya menyu: サービス料10%別. Lile 別 ni "kando", yaani gharama ya huduma haijaingizwa. Ongeza 1,850. Jumla 20,350. Umeshapita kwa 350, na mwenye glasi moja bado anatamani ya pili.

Namba 2: pate 1,300, saladi ya jibini la mbuzi 1,600, konfi 2,900, samaki 3,200, vitindamlo viwili 1,800, mkate na kiti 440 kwa kila mmoja, yaani 880, glasi mbili za mvinyo 2,200, juisi 800. Jumla 14,680, na bistro nyingi za ubao hazitozi huduma. Kila mmoja 7,340. Bahashishi hakuna popote. Ukiacha sarafu mezani watakukimbiza barabarani kukurudishia.

Ile 440 watu huilalamikia kama wizi. Ni bei ya kiti pamoja na mkate, na mara nyingi mkate unaongezwa bure. Uliza kabla ya kuona risiti.

kijiko_cha_tatu
Hesabu nimeikubali. Basi kozi waifuate mchana: sehemu zilezile zinauza ya mchana kwa yeni 3,500 mpaka 4,500, jiko ni lilelile, ila sahani zinapungua moja au mbili na nyama inakuwa ya bei nafuu. Mlango mara nyingi 11:30, oda ya mwisho 13:30.

mpishi_wa_zamu
Mchana ni sawa, lakini mwenye mada kasema jioni.

Nyongeza kuhusu Novemba. Msimu wa kuwinda unafunguliwa 15 Novemba sehemu kubwa ya Japani, na Hokkaido 1 Oktoba. Ubaoni utaona ジビエ, yaani nyama ya pori. Paa wa Hokkaido (蝦夷鹿) ni chakula cha maana, mwekundu ndani, asiye na mafuta. 猪 ni nguruwe mwitu, mwenzako apite mbali.

La pili: Alhamisi ya tatu ya Novemba ndiyo siku ya Beaujolais Nouveau. Mvinyo mpya unafunguliwa, bistro ndogo zinaweka sherehe, menyu ya ubao inafutwa na kubaki sahani ya pamoja iliyojaa soseji. Wengine wanaanza usiku wa manane wa kuamkia Alhamisi. Kama Jumatano yako ndiyo inayoitangulia, uliza kabla ya kubuku, au sogeza siku.

Njia Panda
Kagurazaka kuna hofu moja: umaarufu. Wafaransa wako pale zamani, Taasisi ya Kifaransa upande wa Ichigaya ilifunguliwa 1952, na mtaa umeuza jina hilo vya kutosha. Kwenye barabara kuu ya mteremko, migahawa yenye bendera ya rangi tatu na picha za sahani mlangoni inaishi kwa wapita njia. Pinda kushoto au kulia, ingia vichochoro vya mawe, au panda mpaka upande wa stesheni ya Kagurazaka yenyewe (laini ya Tozai) badala ya kuishia Iidabashi. Huko juu ndiko wakazi wanakokula.

Dalili ninazoziamini nikiwa nje ya mlango: ubao umeandikwa kwa mkono na una tarehe ya leo, vyakula vikuu havizidi sita, jina la mahali samaki alikotoka limeandikwa. Vyakula vikuu 15 kwa viti 20 maana yake friza.

Alama za Tabelog, tovuti ya Kijapani ya kupima migahawa, zisikutishe. Pale 3.5 ni mgahawa mzuri, na 3.2 wenye wateja wa kudumu unaweza kuwa ndio hasa unaoutafuta. Anayetafuta 4.5 kama kwenye programu nyingine atalala njaa.

Halafu kuna njia ya nne ambayo hukuitaja: galeti, chapati nyembamba ya Bretagne, Ufaransa. Kagurazaka wanazo. Unga wa ngano nyeusi, maji, chumvi. Iliyo kamili ina yai, jibini na paja la nguruwe. Unaomba hilo paja litoke, unaongeza uyoga au mchicha. Uliza tu bamba linapakwa nini: siagi, au mafuta ya nguruwe kama wazee wa Bretagne. Na sida inayoletwa kwenye bakuli ni pombe, isimdanganye mtu kwa harufu ya tofaa.

Mwanakombo
Hilo la bamba asante, wengi hawalijui.

Hesabu Kali
Mambo ya mlangoni, haraka haraka. Kufuta nafasi uliyobuku siku hiyohiyo mara nyingi ni 100% ya kozi, siku moja kabla 50%. Ukichelewa dakika 15 bila kupiga simu, kiti kimekwenda. Piga simu kati ya 14:30 na 17:00, wakati jiko limepumua. Sehemu ndogo nyingine hazipokei kadi, beba taslimu. Manukato makali acha hotelini. Kwenye kaunta ya viti 8 harufu yako inakaa kwenye sahani ya jirani.

Kwa kaunta kuna moja zaidi. Tangu Aprili 2020 Tokyo inakataza sigara ndani ya mgahawa wenye wafanyakazi, lakini mwenye duka asiye na mfanyakazi anaweza kuchagua. Tazama mlangoni: 禁煙 hakuvutwi, 喫煙 kunavutwa.

Na atakayekwenda Nishi-Ogikubo wikendi, treni ya haraka ya Chuo, ile ya rangi ya chungwa, haisimami pale Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Panda ya njano.

Chenza
Nimeelewa. Namba 2, upande wa juu wa Kagurazaka, 18:00, ombi la maandishi la Mwanakombo siku nne kabla, na galeti iwe akiba wakikataa. Nimeshaona moja, anwani inasema 1F. Hiyo ni ghorofa ya kwanza, tunapanda ngazi?

Njia Panda
Hapana kaka. 1F Japani ni chini kabisa, usawa wa barabara. 2F ndiyo ghorofa yetu ya kwanza. B1 ni chini ya ardhi, na ngazi zake mara nyingi ziko pembeni ya jengo, nyembamba, zenye kibao kidogo tu. Ramani ikikwambia dakika 5 kwa mguu, kipimo chao ni mita 80 kwa dakika, bila taa za barabarani na bila mteremko, na Kagurazaka ni mteremko. Wekeni 8.

Mwanakombo
Na ukiandika muda andika 18:00. Ukitafsiri "saa 12 jioni" kwa mazoea, utabukiwa mchana. Wao wenyewe wana yao: ukiona baa imeandika inafungwa 25:00, ni saa saba usiku.