Siku tatu za kipupwe Dar es Salaam: katikati ya jiji, Barabara ya Bagamoyo au bahari?

Mwalimu wa Njombe

Ndugu zangu wenyeji wa Dar es Salaam, naomba ushauri. Sisi ni wanawake wanne tuliosoma pamoja sekondari, na mwaka huu, baada ya kuahirisha mara nyingi, tumekubaliana kuitumia likizo yetu ya kipupwe kulitembelea jiji ambalo watatu kati yetu tumelijua kwa safari za hospitali na misiba tu. Tutakuwa na siku tatu kamili mwishoni mwa Juni, Alhamisi hadi Jumamosi. Nimekusanya mapendekezo matatu na sijui lipi lipewe siku ipi, wala kama kuna la kuachwa. La kwanza ni katikati ya jiji kwa miguu, kuanzia soko la samaki la Feri hadi Kariakoo. La pili ni upande wa Barabara ya Bagamoyo, yaani Kijiji cha Makumbusho, vinyago vya Mwenge na ufukwe wa Coco. La tatu ni bahari, ama Kigamboni ama mojawapo ya visiwa. Mwenzetu mmoja alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka jana. Anatembea vizuri, ila hawezi kusimama muda mrefu, na hatutaki matembezi ambayo yeye atabaki garini akitusubiri.

Mkaazi wa Upanga

Karibuni sana, Mwalimu. Ningekuwa mimi, siku ya kwanza ningeipa katikati ya jiji bila kusita, kwa sababu sehemu nyingine zote mtazielewa vizuri zaidi mkishaiona hiyo. Utawala wa Wajerumani, na baada yao Waingereza, uliligawa jiji kwa viwango vya ujenzi, na kwa vitendo viwango hivyo vikawa mipaka ya rangi: Uzunguni ukingoni mwa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini upande wa bara. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunauona kama mahali pa kupumzikia, uliachwa wazi ili kuitenga Uhindini na Kariakoo. Mtu akitembea kutoka Feri hadi Kariakoo, mwendo wa kilomita 3 hivi, anaivuka mipaka yote hiyo kwa miguu yake, na anaona upana wa mitaa, urefu wa kuta na hata wingi wa miti ukibadilika.

Mfike Feri saa 1 asubuhi, mnada wa samaki ukiwa bado una moto. Kisha fuateni ukingo wa bandari, lakini mpitapo karibu na Ikulu simu zibaki mikobani, kwani kupiga picha hapo hakuruhusiwi. Mbele yenu kuna Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili ya enzi ya Wajerumani. Karibu nayo lipo Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akiujenga mji huu kando ya kijiji cha Mzizima. Nawasihi msilipite haraka, kwa kuwa majengo ya wakati wa Majid yaliyobaki yanahesabika kwa vidole. Kutoka hapo ingieni barabara ya Samora hadi Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916.

Uhindini mwende mkitazama juu. Majengo mengi ya ghorofa yana mwaka wa ujenzi uliochongwa kipajini, na kila ninapopita naona moja zaidi limezungushiwa mabati likisubiri kubomolewa, jambo linaloniuma kwelikweli. Mwenzenu atapata pa kukaa kwenye migahawa ya urojo ya mitaa ya Kisutu. Msifanye matembezi haya Jumapili, maana maduka mengi hufungwa na mitaa hupoteza uhai wake.

Nahodha wa Kunduchi

Mwalimu, nimefanya kazi baharini kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia pendekezo la tatu peke yake. Watu husikia kipupwe kuwa ni majira mazuri ya kutembea wakadhani na bahari ni hivyo hivyo. Nchi kavu ni kweli: mvua za masika zimekwisha, jua si kali, na usiku mtahitaji shuka. Baharini, hata hivyo, Juni ni wakati wa kusi, upepo utokao kusini. Asubuhi upepo huwa na adabu, lakini kuanzia adhuhuri huongezeka, na safari ya kurudi kutoka Bongoyo au Mbudya inaweza kumlowanisha abiria kutoka kichwani hadi miguuni.

Jambo la pili ni maji. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua siku. Ukiwa mpevu au ndio kwanza umeandama, tunakuwa na bamvua: karibu na saa 4 asubuhi maji yamekupwa mbali sana, na kufikia saa 10 jioni yamejaa tena, tofauti ikizidi mita 3. Wakati maji yamekupwa, boti haiwezi kusogea ufukweni, kwa hiyo abiria huingia majini na kupanda kwa kujivuta ubavuni. Kwa mtu mwenye goti lililopasuliwa hilo si jambo la kujaribu. Visiwa hivyo vimehifadhiwa tangu mwaka 1975 na havitakimbia. Njooni tena Januari au Februari, kaskazi likivuma na maji yakiwa maangavu.

Kwa safari hii chagueni Kigamboni. Pantoni huvuka kwa dakika chache tu, na asubuhi umati mkubwa hutoka Kigamboni kuja mjini kazini, hivyo ninyi mtakuwa mnakwenda kinyume nao, na jioni vilevile. Mkitaka gari, kuna Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, ila siku za mwisho za Juni Maonesho ya Sabasaba huanza, na Barabara ya Kilwa karibu na darajani hujaa magari mno.

Binti Magomeni

Nimesoma kwa heshima yote, lakini naona jambo moja linakosekana. Katika mapendekezo yote matatu wageni wanaoneshwa majengo, bidhaa na bahari, kisha wanaondoka bila kuketi hata mara moja kwenye mtaa ambao watu wa Dar es Salaam wanaishi. Kariakoo yenyewe, ambayo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, sasa ni maduka na maghorofa, na nyumba za Kiswahili zilizobaki pale ni chache. Anayetaka kuziona aende Ilala au Magomeni, akatazame ukumbi unaopita katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na baraza mbele ambako jioni watu hunywa kahawa kwa kashata.

Tena Magomeni kuna nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa harakati za uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ndogo, na udogo huo ndio ulionigusa nilipopelekwa mara ya kwanza nikiwa darasa la tano. Kwa mwalimu na wenzake naona ni dhambi kuiacha. Basi la mwendokasi kutoka Kivukoni, hapo Feri, linapita Magomeni, na ziara yote haizidi saa moja.

Mkaazi wa Upanga

Dada, umenirekebisha, na nakubali. Nilisema Kariakoo ni mwisho wa matembezi kwa kuwa ndipo miguu yangu huchokea. Nashauri basi wafupishe Kariakoo: waone Soko Kuu, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kuungua Julai 2021, wapite Mtaa wa Kongo kama wanataka vitenge, kisha wapande mwendokasi hadi Magomeni kabla ya alasiri. Simu na pochi Kariakoo zishikwe mbele ya mwili, si mgongoni.

Mchongaji wa Mwenge

Nami nitetee pendekezo la pili kidogo. Kijiji cha Makumbusho kinamfaa sana mwenye goti, kwani ni eneo tambarare lenye vivuli, na nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, kuanzia msonge wa Wahaya hadi tembe la Wagogo. Mwende mchana, mkitarajia ngoma za alasiri.

Mwenge msinunue kinyago cha kwanza mtakachooneshwa. Mpingo ni mzito mno kiasi kwamba ukitiwa majini huzama, kwa hiyo kinyago cheusi kinachokuwa chepesi mkononi ni mti mwingine uliopakwa rangi. Kigeuzeni mtazame chini, mahali ambapo rangi mara nyingi haikufika. Mkimwona mtu anachonga, ulizeni anachonga nini na amejifunza kwa nani, maana wengi wetu kazi hii tumeirithi kwa wazee wa Kimakonde, nasi tunapenda kuulizwa kuliko kuanza na bei. Wanaopenda picha wasogee Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972. Kutoka hapo hadi mihogo ya Coco ni safari fupi ya bajaji.

Mwalimu wa Njombe

Nimewasomea wenzangu majibu yote kwa simu, na mwenye goti ndiye aliyeamua. Alhamisi tutaanza Feri na kumalizia Magomeni. Ijumaa tutakwenda Makumbusho, Mwenge na Coco. Jumamosi tutavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, na visiwa tumeviacha kabisa. Nimetazama kalenda, Nahodha: mwezi utakuwa umepevuka Alhamisi. Je, Jumamosi tuvuke saa ngapi ili tuogelee?

Nahodha wa Kunduchi

Ni bamvua kamili hiyo. Vukeni saa 3, ili saa 5 mtembee juu ya mchanga mgumu maji yakiwa mbali. Mwenzenu atakwenda bila shida, na viatu asivue kwa sababu ya mawe makali na viumbe wenye miiba. Mle chakula cha mchana bila haraka, kisha muingie majini kuanzia saa 9 yakijaa. Jua huzama baada ya saa 12 na robo, kwa hiyo saa 11 na nusu muwe mmekwisha kuanza kurudi kwenye kivuko.

Binti Magomeni

Alhamisi mkishatoka nyumba ya Mwalimu Nyerere, ulizeni kahawa ilipo, mtaoneshwa. Barazani watampisha mwenye goti bila kuombwa.