Nikitafuta "mbuzi" anakuja, nikitafuta "ng'ombe" haji: hitilafu hii niiripotije?

mizinga_sikonge (Tabora)

Wakuu habari za jioni.

Ninatumia programu ya notisi ya chanzo huria kwenye Ubuntu 22.04. Notisi zote inazitunza kwenye faili moja la hifadhidata ya SQLite. Humo kuna kumbukumbu za chanjo za mifugo na za ununuzi wa asali, kata kwa kata. Jina la programu naliacha, kwa sababu nahisi tatizo linaweza kuwa kwa nyingine pia.

Hali ilivyo:

Nikitafuta *mbuzi*, *asali* au *Isevya*, matokeo yanakuja papo hapo. Nikitafuta *ng'ombe*, *Ng'ambo* au *kung'oa*, napata "hakuna matokeo". Ujumbe wa kosa hakuna.

Cha ajabu, nikinakili neno hilohilo "ng’ombe" kutoka kwenye waraka wa Word na kulibandika kwenye kisanduku cha kutafutia, notisi zote zinakuja, hata zile zilizochapwa kwa kibodi hii hii. Na nikitafuta *ombe* tupu, zinakuja pia.

Faharasa (orodha ya maneno ambayo programu hutafutia) nimeijenga upya mara mbili, hali ni ileile. Je, kosa ni la programu au la notisi zangu? Na kama ni la programu, niandike nini kwenye ripoti? Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na wale watunzaji wa programu hata ng'ombe hawamjui kwa jina hilo.

---

terminali_ujiji (Kigoma)

Mkuu, notisi zako ni nzima. Jibu umeshalitaja mwenyewe kwenye lile neno la Word. Kinachokusumbua ni ritifaa, ile alama iliyo katikati ya ng'ombe.

Ritifaa ziko mbili. Ya kibodi ni iliyonyooka, U+0027 (namba yake kwenye orodha ya herufi ya Unicode). Word huigeuza yenyewe kuwa iliyopinda, U+2019. Kwa macho ni mapacha, kwa kompyuta hazijuani. Hakikisha hivi kwenye terminali (`xxd` huonyesha baiti za neno):

```
printf "ng'ombe" | xxd
6e67 276f 6d62 65

printf "ng’ombe" | xxd
6e67 e280 996f 6d62 65
```

Ile 27 moja ndiyo inayoleta balaa. Sasa jaribu nje ya programu kabisa, ili ujue kosa liko tabaka gani. Fungua `sqlite3` bila faili lolote, kisha andika:

```
CREATE VIRTUAL TABLE n USING fts5(matini);
INSERT INTO n VALUES ('Chanjo ya ng''ombe, kata ya Ng''ambo');
SELECT * FROM n WHERE n MATCH 'ng''ombe';
SELECT * FROM n WHERE n MATCH '"ng''ombe"';
```

(Zile ritifaa mbili mfululizo ni kanuni ya SQL tu, kinachoingia ni moja.)

SELECT ya kwanza itagoma na kusema `fts5: syntax error near "'"`. Ya pili italeta mstari wako. Tofauti yake ni alama za kunukuu peke yake.

Sababu ni hii. FTS5, sehemu ya SQLite inayotafuta ndani ya matini tangu toleo la 3.9.0 la 2015, hufanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza hukata matini kuwa maneno. Kikataji chake cha kawaida, unicode61, huhesabu herufi na tarakimu kuwa sehemu ya neno, na alama nyingine karibu zote kuwa mpaka. Kwa hiyo *ng'ombe* anaingia kwenye faharasa akiwa vipande viwili, `ng` na `ombe`, iwe ritifaa imenyooka au imepinda. Ndiyo maana *ombe* inakuletea ng'ombe, na mtu akitafuta *oa* atapata notisi za kung'oa visiki.

Pili, husoma swali lako, na swali lina sarufi yake: AND, OR, NOT, nyota, mabano. Kwenye sarufi hiyo neno lisilo na alama za kunukuu linaruhusiwa herufi za kawaida, tarakimu, mstari wa chini, na herufi yoyote iliyo nje ya ASCII (seti ya msingi ya herufi na alama za Kiingereza). Ritifaa iliyopinda iko nje ya ASCII, inapita mlangoni, kisha kikataji kinaikata vizuri. Iliyonyooka iko ndani ya ASCII na haimo kwenye orodha, basi swali zima linakataliwa.

Faharasa hata ungeijenga mara kumi isingesaidia, kwa sababu haijawahi kuwa na kosa.

Kwa leo, ili kazi iendelee: andika `"ng'ombe"` pamoja na alama za kunukuu zake kwenye kisanduku. Ikikubali, utambuzi umekamilika.

Kuhusu ripoti: zipo hitilafu mbili, na uziripoti mbalimbali. Moja ni swali kukataliwa. Nyingine, ambayo kwangu mimi ndiyo mbaya zaidi, ni programu kulimeza kosa na kumwambia mtumiaji "hakuna matokeo" wakati haikutafuta chochote. Mtu wa kumbukumbu za chanjo akiambiwa hakuna, ataamini hakuna. Ukizichanganya kwenye ripoti moja, watarekebisha moja, wafunge, na ya pili ipotee.

---

mizinga_sikonge

Asante sana mkuu. `"ng'ombe"` yenye alama za kunukuu imekubali, notisi 214. Na kwenye faili la logi (kumbukumbu za matukio ya programu) nimeukuta mstari wa `fts5: syntax error near "'"`. Ila saa yake ni 05:12, na mimi nimejaribu saa mbili na dakika 12 asubuhi. Ni mstari wangu kweli?

---

terminali_ujiji (Kigoma)

Ni wako. Angalia mwisho wa saa hiyo kama kuna herufi Z: maana yake ni UTC, saa ya kimataifa. Ongeza 3 upate 08:12, ambayo kwa saa zetu ndiyo hiyo mbili na dakika 12. Kwenye ripoti usiandike "saa 2", andika 08:12 na useme UTC+3. Bila hivyo, msomaji wa Ujerumani ataenda kuchungulia logi za saa nane usiku.

---

dada_wa_cheyo (Tabora)

Naongezea upande wa ripoti, maana hapo ndipo wengi huangukia.

Kabla ya kufungua ripoti mpya kwenye ukurasa wa ripoti za programu, tafuta za zamani, pamoja na zilizofungwa. Usitafute "ng'ombe" huko. Tafuta maandishi ya kosa lenyewe, `fts5: syntax error`, pia neno la Kiingereza la ritifaa, *apostrophe*. Wafaransa wana *l'eau* yao na Waayalandi wana *O'Brien*, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba yupo aliyelalamika. Ukiikuta, ongeza mfano wako palepale. Na mfano wa kwetu una uzito: kwa mwenzetu ni jina moja moja, kwetu ng' ni sauti kamili ya lugha, na huku Unyamwezini na Usukumani majina yanayoanza na Ng'w- yamejaa. Sema hivyo kwa sentensi moja. Insha haihitajiki.

Kiingereza chako kinatosha. Sentensi fupi, hatua kwa namba, na kosa unakili kama lilivyo bila kulitafsiri. Mambo yawe haya:

```
Kichwa: Kutafuta neno lenye ritifaa (U+0027) hakuleti matokeo
Toleo: (nakili kutoka menyu ya Kuhusu, namba yote)
Mfumo: Ubuntu 22.04
Hatua:
 1. Fungua wasifu mpya usio na notisi
 2. Tengeneza notisi moja, andika: ng'ombe mbuzi
 3. Tafuta: mbuzi   -> notisi 1
 4. Tafuta: ng'ombe -> notisi 0
Nilitarajia: hatua ya 4 ilete notisi 1
Logi: fts5: syntax error near "'"
Zaidi: "ng'ombe" ndani ya alama za kunukuu inaleta notisi 1
```

Neno ng'ombe libaki ng'ombe. Wala hawahitaji kujua maana yake, wanahitaji kulinakili na kulibandika. Kwa hiyo liweke kwenye kisanduku cha msimbo, na usiiandike ripoti kwenye Word kwanza. Word itaipindisha ritifaa, mtunzaji ataijaribu, itafanya kazi, na atafunga akisema haioni hitilafu. Skrinshoti peke yake haitoshi kwa sababu hiyo hiyo: ritifaa mbili hazitofautiki kwenye picha.

Na tafadhali, lile faili lako la SQLite usilipandishe hata wakikuomba. Lina majina ya wafugaji na kiasi walicholipwa. Ndiyo maana hatua ya 1 ni wasifu mpya. Logi nayo ipitie kwa macho, uache mistari inayohusika tu.

Ukitaka kurekebisha mwenyewe, usiingie kwenye mtego wa kufuta ritifaa kabla ya kutafuta. *Ngombe* hayumo kwenye faharasa, mle kuna `ng` na `ombe`. Kuibadilisha iwe nafasi kunakaribia, lakini `ng oa` itasomwa kama "ng na oa popote pale", basi notisi ya "kung'oa visiki kisha ng'ombe waingie" itakuja kwa mtu aliyetafuta *ng'oa*: `oa` imetoka kwenye kung'oa, `ng` kwa ng'ombe. Kinachotakiwa ni vipande viwili vilivyofuatana, na hilo ndilo linalofanywa na alama za kunukuu. Kwa hiyo: kila neno lifungwe kwa alama za kunukuu, na zilizomo ndani ziongezwe ziwe mbili.

---

kibirizi_05 (Kigoma)

Kwa nini usimwambie kikataji kwamba ritifaa ni herufi? Kuna mpangilio wake wa `tokenchars`. Unaiweka `'` humo na *ng'ombe* anabaki neno moja.

---

dada_wa_cheyo (Tabora)

Inawezekana, ila hesabu gharama zake. Mtu akiandika 'asali' ndani ya ritifaa, neno linaloingia ni `'asali'` na ritifaa zake mbili, na anayetafuta *asali* hatalipata. Ritifaa iliyopinda na iliyonyooka, ambazo sasa zinakutana kwa sababu zote zinakatwa, zitakuwa maneno mawili tofauti. Jedwali la FTS nalo lazima lifutwe na kuundwa upya kwa kila mtumiaji. Na swali lenyewe bado litakataliwa, kwa kuwa sarufi ya swali haisomi `tokenchars`.

---

terminali_ujiji (Kigoma)

Kufunga kila neno kwa alama za kunukuu bila kuangalia, hapo nina pingamizi. Wapo watumiaji wanaoandika `asali AND nta` au `"asali mbichi"`, na utawavunjia. Mtunzaji atalikataa ombi lako kwa hilo tu.

Tena ritifaa si mkorofi pekee. Tafuta *M-Pesa* uone: FTS5 inajibu `no such column: Pesa`, kwa sababu kistari kwenye sarufi yake kina kazi ya kutenga safu ya jedwali. Anayenasa kosa la ritifaa tu ataliacha hili.

Njia ninayoiona safi: lijaribu swali kama lilivyo, likikataliwa ndipo ulifunge.

```
function funga(s) {
  return s.trim().split(/\s+/).map(n => {
    if (/^(AND|OR|NOT)$/.test(n)) return n;
    const nyota = n.endsWith('*') ? '*' : '';
    const neno = n.replace(/\*$/, '').replace(/"/g, '""');
    return '"' + neno + '"' + nyota;
  }).join(' ');
}

function tafuta(db, swali) {
  const q = db.prepare('SELECT rowid FROM n WHERE n MATCH ?');
  try {
    return q.all(swali);
  } catch (kosa) {
    return q.all(funga(swali));
  }
}
```

Mstari wa AND|OR|NOT usiuache. Bila huo, `ng'ombe AND mbuzi` itakataliwa mara ya kwanza, na mara ya pili AND itafungwa na kutafutwa kama neno la kawaida. Matokeo ni sifuri, umerudi palepale. Nyota inakaa nje ya alama za kunukuu, `"ng'o"*`, vinginevyo haifanyi kazi ya nyota.

Jaribio la pili likigoma, usilinase. Liache lipande hadi kwenye skrini, mtumiaji aambiwe swali halikueleweka. Hiyo ndiyo hitilafu ya pili uliyoiripoti. Na ukiandika kosa kwenye logi, swali lenyewe usiliweke, maana watu hubandika logi hadharani.

Kingine: hakikisha kwenye msimbo wao kuna `?` na si swali lililounganishwa kwenye SQL kwa alama ya kujumlisha. Utajua kwa kosa. Likiwa `near "ombe": syntax error` bila neno fts5, ritifaa imekatiza SQL yenyewe. Hilo ni pengo la usalama, na haliripotiwi hadharani. Tafuta kwenye hazina yao ya msimbo faili la SECURITY lenye anwani ya kuripotia. La kwako linataja fts5, kwa hiyo uko salama.

---

mizinga_sikonge

Nimeelewa. Kupakua msimbo wote bando langu litahimili? Na jaribio (msimbo wa kupima rekebisho) niliandike kabla au baada?

---

dada_wa_cheyo (Tabora)

`git clone --depth 1` inaleta hali ya sasa bila historia, inakutosha. Mlaji mkubwa wa bando ni `npm ci` inayofuata, inayopakua maktaba ambazo programu inazitegemea, ifanye mara moja kwenye mtandao wa bure kama unao, kisha usilifute folda la `node_modules`.

Jaribio kabla. Liandike, liendeshe, ulione likigoma, ndipo uguse msimbo. Maneno ya kujaribu: `ng'ombe` kwa ritifaa zote mbili, `M-Pesa`, `ng'o*`, `asali AND nta`, `ng'ombe AND mbuzi`, `"asali mbichi"`, na ritifaa tupu `'` ambayo isilete notisi wala isirushe kosa. Ritifaa iliyopinda iandike `\u2019` kwenye faili la jaribio, maana kuna vihariri vinavyoinyoosha kimyakimya.

Komiti (badiliko unalolihifadhi kwenye git) iwe moja kwa hitilafu moja, na kwenye ombi la kuunganisha (pull request) utaje namba ya ripoti yako.