Sensa gani kwa tangi la maji: Sharp, VL53L0X au ya sauti?

kipara_wa_Kigamboni
Wakuu habari za usiku. Nina tangi jeusi la plastiki nyuma ya nyumba, kina sentimita 120 hivi, nataka pampu ijizime maji yakijaa na nione kwenye simu yamebaki kiasi gani. ESP32 (kile kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi) ninayo. Nilianza na Sharp GP2Y0A02 ya infraredi maana inapima sentimita 20 mpaka 150 nikaona inatosha kabisa. Jana narudi kazini nakuta uwanja wote tope, pampu imepiga kazi tangu mchana na simu inaniambia eti tangi halijajaa!! Sasa niende VL53L0X ya leza, au ya sauti? Afu kuna dada kaniambia nitafute kamera ya joto, sijui alikuwa ananitania.

soketi_moja
Pole mkuu. Sensa yako ni nzima, tatizo umeifunga karibu mno na maji. Sharp inapima kwa pembe, inatupa mwanga, ukirudi inaangalia umeangukia wapi kwenye jicho la pili. Kitu kikisogea volti zinapanda, ila kikishavuka zile sentimita 20 kuja karibu, zinageuka zinaanza kushuka. Kwa iyo maji yakifika sentimita 8 chini ya mfuniko yenyewe inajua yako mbali, pampu inaendelea kusukuma tu.

binti_waya
VL53L0X ninayo kwenye pipa. Hiyo haina habari na pembe, inahesabu muda mwanga unaotumia kwenda na kurudi (mwanga unakata sentimita 30 kwa nanosekunde moja, fikiria hiyo spidi), inafika mita 2. Ila maji matulivu hayarudishi mwanga vizuri, mwingine unazama unagonga chini. Mwanzoni ilikuwa inanipa 40, 95, 61 na maji yametulia tuli. Nikakata kipande cha lile povu jeupe la kwenye boksi la TV kikawa boya, sensa inasoma boya, mpaka leo imetulia.

soketi_moja
Na boya liweke ndani ya bomba la inchi 4 lisitangetange.

binti_waya
Hapana kaka usimpoteze mwenzio. VL53L0X inatazama kwa upana wa nyuzi 25, kwenye bomba la inchi 4 ukishuka sentimita 20 na kitu tayari inaona ukuta wa bomba. Bomba labda kwa TF-Luna, sensa nyingine ya mwanga, yenyewe inatazama nyuzi 2 tu.

mzee_wa_solda
Vijana mnahangaika, kwa maji sauti ndiyo mwake. Ila siyo HC-SR04, ile ya sauti ya kawaida, macho yake yako wazi, mvuke wa tangi utaila. Chukua JSN-SR04T, ile ya jicho moja isiyoingia maji. Nayo vitu vya karibu haivioni, chini ya sentimita 20 na ushee, kwa iyo lazima uinyanyue vilevile. Na sensa yoyote utakayoweka, funga swichi ya boya kwenye waya wa pampu, siku programu ikiganda itakuokoa.

dada_volti
Wa kamera ya joto ni mimi na sikutania 😂 Haipimi umbali lakini. VL53L0X inatoa mwanga wake, mawimbi ya nanomita 940, jamii moja na rimoti ya TV. Kamera ya joto haitoi kitu, inapokea joto la vitu vyenyewe, mawimbi marefu kama mara kumi ya hayo. Yangu ni MLX90640, pikseli 32 kwa 24, picha kama vigae vya bafuni, ila saa tisa alasiri nikilielekezea tangi naona mstari kabisa, juu moto chini baridi, hapo ndo maji yalipoishia. Jioni jua likizama joto linalingana, mstari unapotea. Na tangi la bati linalong'aa achana nalo, utaona joto lako mwenyewe linarudi.

kipara_wa_Kigamboni
Mrejesho wakuu. Nimechukua JSN ya mzee, nimekata kitako cha ndoo nikaipachika juu ya mfuniko, sensa iko juu ya ndoo. Leo pampu imezima yenyewe kwenye sentimita 26. Sharp nauza, anayeitaka aje na boya lake.